Nani Kamnyang'anya Kukhu Jembe?

Ukimaliza kutazama The Letter, filamu ya Maia Lekow na Christopher King ya 2019, kitakachobaki kichwani si barua. Ni mikono. Karisa, kijana wa mjini, anasikia nyanya yake ameitwa mchawi kwenye Facebook, anarudi nyumbani Pwani kuchunguza. Nyanya mwenyewe, Margaret Kamango, amepita miaka 90, na kamera inamkuta shambani, jembe mkononi.

Wengi wameijadili kama filamu ya uchawi na ardhi. Sawa, ni hayo pia. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba la kurithi. Lakini mimi naona inatufundisha kuhusu kitu ambacho si mada yake: dimensia, huu ugonjwa wa kusahau. Sisemi Margaret anaugua. Yuko timamu kuliko wanaomshtaki. Nasema tunaonyeshwa mzee ambaye bado ana kazi, na filamu kubwa za ugonjwa huu hazina hilo. The Father ya 2020, iliyompa Anthony Hopkins Oscar, inakuingiza ndani ya akili inayopotea hadi unaogopa. Ni kali, sibishi. Ila swali la nyumba ile ya London ni nani atamtunza mzee, si mzee anaweza kufanya nini.

Huku Kakamega tunafanya yaleyale, tena kwa upole. Kukhu akianza kuuliza swali moja mara nne, tunamwambia, "Pumzika, mama." Jembe linafichwa. (Panga ficha, hapo tunaelewana.) Mrenda unachambuliwa na wengine, yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki, wageni wanamsalimia wakipita kama picha ukutani. Halafu tunashangaa mbona jioni anatoka kutafuta ng'ombe waliouzwa kitambo. Akitoka usiku ndiyo mbaya zaidi, maana kijiji kina jina tayari: huyu anakimbia usiku. Hapo Kilifi na Kakamega ni majirani kabisa.

Na mtu aliyesahau kama amekunywa chai bado anaweza kupukuchua mahindi. Mikono iliyofanya kazi miaka 60 haisahau haraka kama majina. Ndiyo, atachanganya maharagwe na mawe. Utachambua tena akilala, kwani una haraka gani?

Lawama yangu kwa The Letter iko hapohapo. Inamfuata Karisa sana, kutoka mjomba hadi shangazi, na kila mara nilitaka irudi shambani. Nilitaka kujua nani hupalilia kando ya nyanya, na nani humwambia, "Mama, leo tunaanzia huku."