Vivutio vya Kale: Vihifadhiwe au Virekebishwe?

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa pamekuwa na mjadala mkali huko Marekani juu ya vivutio vya kale vilivyomo katika bustani kubwa za burudani. Wako wanaoshikilia kwamba vivutio hivyo ni kazi za sanaa, na kwamba mtu hana haki ya kuvigusa, kama vile asivyo na haki ya kuupaka rangi mpya mchoro wa bingwa aliyekwisha kufa. Wako wengine wanaosema kwamba kivutio si kaburi. Kilijengwa ili kiwafurahishe walio hai, na wanaokuja leo si wale waliokuja mwaka 1955.

Msomaji aweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili, ambao shule zetu nyingi hazina hata bembea? Yatuhusu, kwa sababu katika baadhi ya vivutio hivyo vinavyoonyeshwa ni mito yetu, watu wetu, hadithi zetu na hata lugha tunayoifundisha. Anayesemwa ana haki ya kutoa maoni juu ya namna anavyosemwa.

Tuanze na kivutio kiitwacho Jungle Cruise, yaani safari ya mashua msituni. Kilifunguliwa mwezi Julai 1955 pamoja na bustani yenyewe ya Disneyland, katika mji wa Anaheim, California. Abiria hupanda mashua, nahodha kijana husimama mbele akisimulia, na kwa dakika chache hupitishwa katika mito mikubwa ya dunia iliyounganishwa ikawa mto mmoja. Miongoni mwa mito ambayo mashua hizo zimepewa majina yake imo Kongo, Nile na Zambezi. Walt Disney alitaka kwanza kutia wanyama wa kweli, lakini ilionekana kwamba mchana wangelala au kujificha. Basi wakatengenezwa wanyama wa mitambo. Mashua hazifuati usukani bali reli iliyozamishwa majini, na maji hutiwa rangi ili reli isionekane. Bw. Harper Goff, mmoja wa wasanifu wakuu, aliathiriwa na filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, ambayo sehemu zake nyingi zilipigwa Uganda na Kongo. Kwa hiyo mto huu wa bandia una udugu na mito yetu ya kweli, ingawa ni udugu wa mbali.

Kwa upande wa fani, hapana budi kukiri kwamba hii ni kazi ya mabingwa. Bw. Bill Evans alipanda msitu mahali palipokuwa mashamba ya michungwa, na baada ya miaka zaidi ya sitini msitu ule wa kuigiza umekuwa msitu kweli, wenye kivuli chake. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Bw. Marc Davis, mchoraji hodari wa katuni, aliongeza masihara katika safari iliyokuwa ya makini: tembo wanaooga na kurushiana maji, na kifaru aliyewakimbiza wasafiri hadi wakaparamia nguzo. Davis alijua kwamba abiria ana sekunde chache tu za kutazama kabla mashua haijapita, na kwa hiyo kila kichekesho kilipaswa kueleweka kwa jicho moja, bila maelezo. Hiyo ni kanuni ya sanaa ambayo hata mtunzi wa vitendawili angeitambua.

Lakini fani haisimami peke yake. Tukitazama maudhui, twaona jambo lingine. Juu kabisa ya nguzo ile alikuwa mzungu mwenye kofia ya jua. Chini yake, karibu na pembe ya kifaru, walikuwa wapagazi Waafrika. Kwingineko mtoni walikuwapo wenyeji wenye mikuki, na karibu na mwisho wa safari alikaa mzee aliyeitwa Trader Sam, akifanya biashara ya vichwa vya watu. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne mtoto wa California au wa Florida, ambako kivutio kama hiki kilijengwa mwaka 1971, aliweza kukutana na Mwafrika kwa mara ya kwanza katika sura hiyo. Mtoto huyo hakufundishwa neno lolote la dharau. Alicheka tu, na kicheko hufundisha upesi kuliko kitabu.

Hapa ndipo hoja ya wanaotaka kila kitu kihifadhiwe inapopungukiwa. Wao husema: tenganisheni ufundi na ujumbe, mpende ufundi, msamehe ujumbe. Lakini mpangilio wa watu juu ya nguzo ile ndio ufundi wenyewe, na ndio ujumbe wenyewe pia. Jicho lililofundishwa kuelewa mara moja liliufahamu utaratibu wa dunia mara moja: nani yuko juu, nani yuko karibu na pembe.

Hata hivyo tusiwakatae wahifadhi kwa jumla, maana wana haki mahali pengi. Huko Coney Island, New York, ipo reli ya juu iitwayo Cyclone, iliyofunguliwa mwaka 1927. Vigari vyake hupandishwa taratibu hadi kileleni, kisha huporomoka kwa nguvu ya uzito wake wenyewe juu ya njia ya mbao. Mwaka 1988 mji wa New York uliitangaza kuwa kumbukumbu ya kulindwa. Nani angefaidika kama ingebomolewa ili ijengwe nyingine ya chuma? Cyclone haimsemi mtu yeyote. Inasema tu habari za uzito, mbao na hofu. Vivyo hivyo farasi wa mbao wa bembea za kuzunguka, ambao wengi wao waling'olewa wakauzwa mmoja mmoja kwa matajiri wanaokusanya vitu vya kale. Kitu kama hicho kikivunjwa, ufundi uliokitengeneza huweza kupotea pamoja na mafundi wake. Hapo sisi tuko upande wa wahifadhi bila kusita.

Wala si kila badiliko huitwa maendeleo kwa haki. Chukua kivutio cha Pirates of the Caribbean, kilichofunguliwa Disneyland mwezi Machi 1967, miezi mitatu baada ya Disney kufariki. Mwaka 2006 kiliongezewa sanamu ya Jack Sparrow, mhusika wa filamu zilizotokana na kivutio hicho chenyewe. Mwaka 2018 mnada wa wanawake, ambamo maharamia walikuwa wakinunua mateka wawe wake zao, uliondolewa. Mwanamke mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akiuzwa akafanywa haramia mwenye bunduki. Mabadiliko hayo mawili hayalingani. La kwanza ni la biashara: sinema yatangaza kivutio, na kivutio chatangaza sinema. La pili lina hoja ya utu ndani yake, kwani katika nchi ambayo binadamu walinadiwa kweli sokoni, mnada si kichekesho chepesi. Mhakiki anayeyaita yote mawili “usasa” amechanganya mchele na chuya.

Turudi mtoni. Mwezi Januari 2021 kampuni ilitangaza kwamba Jungle Cruise ingerekebishwa, na mwezi Julai mwaka huo kivutio kilifunguliwa upya kule California. Kifaru amebaki, nguzo imebaki, kicheko kimebaki. Lakini waliomo juu ya nguzo sasa ni wasafiri wa mataifa mbalimbali pamoja na nahodha wao. Twaona kwamba hapo marekebisho yamefaulu. Kichekesho cha Davis kimethibitishwa kuwa na nguvu yake yenyewe, bila haja ya kumdhalilisha mtu.

Trader Sam naye ameondolewa, na mahali pake pana duka la vitu vilivyopotezwa na abiria. Sokwe wameiteka mashua iliyovunjika. Hapa furaha yetu yapungua. Wasafiri waliopanda nguzo ni wageni. Si watu wa mto. Mwenyeji wa uongo amefukuzwa, wala hakuitwa mwenyeji wa kweli kushika nafasi yake. Je, mto Kongo hauna wavuvi? Nile haina wachuuzi, manahodha, wanawake wanaovuka kwenda sokoni, watoto wanaokwenda shule kwa mtumbwi? Kumtukana mtu ni kosa. Lakini kumfuta kwenye mto wake na kuwaachia viboko na sokwe ni kosa jingine, lililo la adabu zaidi na kwa hiyo gumu zaidi kulikemea. Afrika isiyo na watu ni ndoto ya kale ya wageni, na haikukoma kwa kuondolewa mikuki.

Mfano wa mwisho ndio unaotugusa zaidi, kwa kuwa unahusu fasihi simulizi. Mwaka 1989 Disneyland ilifungua Splash Mountain, mlima wa bandia ambamo vigari vyenye umbo la magogo huelea, kisha huporomoka kiasi cha mita 16 majini. Ndani ya mlima ilisimuliwa hadithi ya Sungura mjanja anayewashinda Mbweha na Dubu. Wasanii waliitoa katika filamu ya Song of the South ya mwaka 1946, ambayo ilionyesha maisha ya watu weusi mashambani kusini mwa Marekani kana kwamba yalikuwa raha tupu. Filamu hiyo haijarudishwa katika majumba ya sinema ya Marekani tangu mwaka 1986. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba hadithi hiyo ingeondolewa. Kivutio kilifungwa mwaka 2023 na kufunguliwa tena mwaka 2024 kikiwa na hadithi ya Tiana, binti mweusi wa New Orleans, kutoka filamu ya mwaka 2009.

Wengi walishangilia, na wana sababu. Lakini Sungura yule ni nani? Bw. Joel Chandler Harris, aliyezichapisha hadithi hizo kuanzia mwaka 1879, hakuzitunga. Alizisikia kwa watu waliokuwa watumwa katika jimbo la Georgia. Mojawapo ni hadithi ya Sungura aliyenaswa na sanamu ya lami. Kila mwalimu wetu anamjua Sungura aliyekataa kuchimba kisima pamoja na wenzake, akawa anaiba maji usiku hata akanaswa na ulimbo uliopakwa mgongoni mwa Kobe. Hadithi kama hizi zilivuka bahari ndani ya vifua vya watu waliofungwa minyororo ambao hawakuruhusiwa kubeba kitu kingine. Mnyonge anayemshinda mwenye nguvu kwa akili: hilo ndilo lililokuwa fundisho lake, na kwa mtumwa halikuwa mchezo.

Kwa hiyo kilichooza katika kazi ile kilikuwa ganda, yaani shamba lile la raha za uongo lililobuniwa na filamu. Kiini kilikuwa chetu. Ganda lilipotupwa, kiini nacho kikatupwa. Hatudai kwamba Tiana aondoke. Ni vyema binti mweusi aonekane akiwa mwenye kazi na heshima. Tunasema tu kwamba kulikuwa na njia ya tatu: kumrudisha Sungura kwa wenyewe, asimuliwe kama hadithi ya watu waliomvusha bahari, na majina yao yatajwe. Njia hiyo haikupita akilini mwa wahifadhi, waliotaka kila kitu kibaki kama kilivyo, wala mwa warekebishaji, waliotaka doa liondoke upesi.

Fasihi simulizi yetu haikupata kuijua vita hii ya kuhifadhi na kurekebisha. Bibi anayesimulia leo hasimulii kama mama yake alivyosimulia. Huongeza, hupunguza, hutaja mto wa hapa badala ya mto wa kule. Na bado Sungura ni yule yule. Mabadiliko hayaiui hadithi maadamu msimulizi ni mtu wa hadithi hiyo na wasikilizaji wanaweza kumkosoa. Linaloiua ni kutolewa mikononi mwao, ikaamuliwa ofisini, ama kwa kugandishwa ama kwa kufutwa.

Msimamo wetu basi ni huu. Ufundi usiomdhuru mtu ulindwe, hata kama ni wa kale na wa gharama. Sura inayomdhalilisha mtu iondolewe, hata kama imechongwa na bingwa. Lakini iwekwe katika kumbukumbu pamoja na michoro yake, ili kesho mtu asije akasema haikuwapo. Na nafasi iliyoachwa wazi isijazwe bila kuwasikiliza wale waliokuwa wakisemwa. Tumeona huko Florida, katika bustani ya Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998, mji wa kubuni wenye majengo yanayofanana na ya Lamu na mabango ya Kiswahili. Ni hatua kubwa kupita mikuki ya 1955. Lakini mji huo umeitwa Harambe, neno letu likiwa limekatwa irabu yake ya mwisho. Ni irabu moja tu; hata hivyo, tusingempa mwanafunzi wetu alama kamili kwa tahajia hiyo.

Tunawaombea walimu wenzetu kazi moja katika muhula ujao. Kila darasa likusanye hadithi za Sungura zinazosimuliwa katika eneo lake, na kila hadithi iandikwe pamoja na jina la aliyeisimulia, kwa ridhaa yake, na mahali iliposimuliwa. Baadaye wanafunzi wajadili: kama kivutio cha Sungura kingejengwa hapa kwetu, kiwe na nini ndani yake, na nani aulizwe kwanza? Majibu yao tutayapokea kwa furaha katika kurasa hizi.