Ada Njema na Ada Mbaya za Msemaji

Ufasaha wa msemaji hupimwa kwa kile ambacho msikilizaji huondoka nacho. Makofi yaweza kupatikana kwa mzaha, na kimya chaweza kuletwa na hofu. Lakini mtu atokaye mkutanoni akaweza kumweleza jirani yake aliyoyasikia, bila ya karatasi, ni shahidi asiyekanushika.

Hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, yafaa kuchunguzwa kwa kipimo hiki. Jambo lenyewe lilikuwa zito: kuwaambia watu kwamba nchi yao inaingia vitani. Mwalimu alilisimamisha juu ya nguzo tatu, uwezo, sababu na nia, na kila nguzo akaitamka katika sentensi ya umbo lile lile. Hata asiyejua kusoma aliweza kuishika kama ashikavyo methali. Takriri hapa haikuwa pambo. Kila umbo liliporudi lilikuja na hoja mpya. Sikio lilipumzika katika maneno liliyokwisha kuyazoea, na akili ikapokea neno moja lililo geni.

Aghalabu waigaji huchukua takriri wakaiacha hoja. Msemaji wa namna hii husema jambo moja mara tatu kwa sauti inayopanda, kwa sababu hana la pili. Dalili zake nyingine hazifichiki: salamu na shukrani humeza robo ya saa, methali humwagwa mbili mbili pasipo jambo la kufafanua, na neno la Kiingereza huingizwa mahali penye neno la Kiswahili lijulikanalo, ili elimu ya msemaji ionekane.

Mfano nao una hukumu iyo hiyo. Mwaka 1995 Mwalimu aliifananisha nchi na nyumba yenye nyufa, wala hakuuacha mfano huo upesi akimbilie mwingine. Alikaa nao mpaka nyufa zikatajwa kwa majina: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Msemaji mbaya angeifanya nchi kuwa nyumba, kisha jahazi, kisha shamba, na msikilizaji angerudi kwake na picha tatu bila ya fikira hata moja.

Hata hivyo, fundi naye ana ada ya kutazamwa kwa hadhari. Mwalimu alipenda kuwauliza wasikilizaji swali na kulijibu mwenyewe. Katika kufundisha, ada hiyo huamsha akili. Lakini penye mgongano wa maoni, aulizaye na kujibu amekalia viti viwili, na mwenye jibu jingine hana pa kuketi. Kicheko cha umati kikifuata, huona haya hata kulifikiri jibu lake. Hapo ufasaha ule ule uliomwelimisha raia waweza kumnyamazisha.

Basi mwanafunzi wa hotuba asitosheke na kuisifu sauti. Na aondoe takriri, atazame kama hoja ingali imesimama. Autafute mfano, aone umefafanua nini. Kisha aulize kama mwenye maoni mengine angepata nafasi ya kusema. Uchunguzi huu si wa darasani peke yake. Kosa la mwandishi hubaki ukurasani likasahihishwa, bali kosa la msikilizaji hufuatana naye mpaka kwenye sanduku la kura.