Neno "Kama" katika Habari za Vita

Lugha ya Kiswahili ina viungo viwili vidogo ambavyo mwanafunzi hujifunza mapema katika sarufi, na pengine huvisahau mapema vile vile. Cha kwanza ni -nge-, na cha pili ni -ngali-. Walimu wa zamani walifundisha kwamba -nge- ni ya jambo ambalo halijawa lakini laweza kuwa, na kwamba -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umekwisha pita. Asemaye, "Angekuja angeniona," bado yu mlangoni akitazama njia. Asemaye, "Angalikuja angaliniona," amekwisha ufunga mlango. Katika mazungumzo watu wengi huvichanganya viungo hivi, wala hawalaumiwi. Lakini msomaji wa historia yampasa aikumbuke tofauti yake, maana hadithi zote za mambo ambayo yangalitokea vitani zimejengwa juu ya -ngali-.

Hadithi za namna hiyo ni nyingi, na wenye kuzitunga si watu wadogo. Mwaka 1931 Mwingereza J. C. Squire alikusanya katika kitabu kimoja insha za waandishi waliojiuliza historia ingalikuwaje kama jambo fulani lingalikwenda vingine. Mmoja wao alikuwa Winston Churchill. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1961, mwanahistoria E. H. Carr alizidharau hoja za namna hiyo, akaziona kuwa ni mchezo wa kupitishia wakati. Wasomaji wamegawanyika mpaka leo: wako wazipendao kama watu wapendavyo hadithi za barazani, na wako wasiotaka hata kuzisikia.

Pande zote mbili zaonekana kukosa jambo moja. Hadithi ya "kama" ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Mizani yake ni maswali matatu. La kwanza: je, uamuzi unaobadilishwa ulikuwa kweli katika uwezo wa mtu fulani siku ile? La pili: je, msimuliaji amebadili jambo moja tu, akayaacha mengine yafuate yenyewe? La tatu: je, amewahesabu watu wote ambao mabadiliko hayo yangaliwagusa, au amewahesabu majemadari peke yao? Swali hili la tatu ndilo lisahauliwalo mno, nalo ndilo zito kuliko yote. Na tuyajaribu maswali haya kwa hadithi mbili za Vita Kuu ya Kwanza zilizo karibu nasi.

Hadithi ya kwanza yatuhusu sisi wa pwani ya kusini. Bofu iko Likoni, na baina yake na kisiwa cha Mombasa upo mlango wa bahari wa Kilindini. Mwezi wa Septemba 1914 askari wa Wajerumani walivuka mpaka upande wa Vanga, wakaifuata pwani kuja kaskazini. Mwanzoni mwa Oktoba walizuiwa Gazi, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Likoni. Waliowazuia walikuwa askari wa King's African Rifles, askari wa Jind waliotoka India, na kikosi cha Waarabu wa Mombasa kilichoundwa na Mwingereza Arthur Wavell. Basi husemwa hivi: kama Gazi ingalianguka, na kama manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ingalikuja wakati huo huo kuipiga Mombasa kwa mizinga, mji ungalitekwa, na reli ya Uganda ingalikatwa kichwa.

Hadithi hii yavutia, lakini haistahimili mizani. Ina "kama" mbili mahali pa moja, na ile ya manowari haikuwa katika uwezo wa mtu yeyote. Ni kweli kwamba tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Lakini mitambo yake iliharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji, na vipande vya mitambo vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa. Nahodha hakuchagua kutokuja Mombasa. Hakuwa na chombo cha kumfikisha. Kumpa uchaguzi mtu asiyekuwa nao ni kutunga ngano.

Tuiache manowari, tuseme kwamba Gazi peke yake ilianguka. Mombasa ni kisiwa. Jeshi lililofika Likoni kwa miguu lingalisimama ufukoni likiutazama mji ng'ambo ya maji. Lingaliweza kuupiga mji kama lingalikuwa na mizinga ya kutosha, na lingaliweza kuvuka kama lingalipata vyombo; na hapo zimekwisha ongezeka "kama" nyingine mbili. Daraja la kuelea la waenda kwa miguu baina ya Liwatoni na Ras Bofu lilijengwa mwaka 2020, miaka 106 baada ya vita vya Gazi. Mtu aliyekwisha kungoja kivuko pale Likoni haamini upesi kwamba jeshi lingaliuruka mlango ule kwa kalamu ya msimuliaji.

Lakini kasoro kubwa ya hadithi hii iko katika swali la tatu. Ndani yake mna mji, reli na manowari, wala hamna mkulima wala mvuvi hata mmoja. Nchi yote toka Vanga hata Likoni ilikuwa na watu, Wadigo na wengineo. Jeshi likaapo mahali hula, na chakula chake hutoka katika ghala la mtu. Msimuliaji asiyeuliza chakula kile kingalitoka wapi amesimulia nusu ya jambo, tena ile nusu nyepesi.

Hadithi ya pili ni ya Tanga, nayo ina nguvu zaidi. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Kabla ya kushusha askari, nahodha wa manowari Fox, aliyeitwa Caulfeild, aliingia bandarini akawaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamekwisha, akawataka wausalimishe mji. Walikataa. Askari walishushwa Ras Kasone usiku, mashariki ya mji, nao walikuwa wamechoka kwa kusongamana melini tangu katikati ya Oktoba. Wakati huo kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akileta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Walikuwa kiasi cha 1,000 tu, lakini kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wakirudi melini, wakiacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000.

Hapa uamuzi ulikuwapo, na wenye kuamua walikuwapo. Nahodha angaliweza kutotoa habari. Jenerali angaliweza kushusha watu wake mara moja karibu na mji. Ni jambo moja tu libadilishwalo, na lisilohitaji muujiza. Wasimuliaji humalizia hapo kwa furaha: Tanga ingalitekwa, reli ya Moshi ingalishikwa, na vita vya Afrika Mashariki vingalikwisha mwaka 1915.

Je, ni kweli? Historia yenyewe yatupa kipimo ambacho wasimuliaji hawakitumii. Tanga ilitekwa, ila si mwaka 1914. Waingereza waliingia mwezi wa Julai 1916. Dar es Salaam ikaanguka mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na reli ya kati ikashikwa. Hata hivyo vita havikwisha. Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kusini, akaingia Msumbiji, na aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Yaweza kujibiwa kwamba mwaka 1914 alikuwa dhaifu zaidi, na kwamba silaha alizoziokota Tanga zilimsaidia kuendelea. Jibu hilo lina haki yake. Lakini mtu aliyepoteza bandari zote na reli zote mwaka 1916 akapigana miaka miwili zaidi si mtu ambaye kwa hakika angaliangushwa na kupotea kwa bandari moja.

Sasa tuuulize swali la tatu, tuone linatupeleka wapi. Wahenga walisema: wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi za vita hivi walikuwa wapagazi. Wanahistoria hukadiria kwamba waliolitumikia jeshi la Waingereza walikuwa kadiri ya milioni moja, na kwamba zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na upungufu wa chakula. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na la Kariokor mjini Nairobi, yametokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Kwa nini walihitajiwa wengi hivyo? Kwa sababu vita viliondoka penye reli na bandari vikaingia nchi isiyo na barabara, ambamo risasi na unga havikuwa na njia ila kichwa cha mtu. Basi "kama" iliyo nzito kuliko zote haiko Tanga mwaka 1914. Iko Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1916: kama majemadari wa Waingereza, wakiwa wamekwisha shika bandari na reli ya kati, wangaliamua kuzilinda na kutomfuata adui mwituni, ingalikuwaje? Uamuzi huo ulikuwa katika uwezo wa Jenerali Smuts na waliomfuata. Ni badiliko moja tu.

Haifai, hata hivyo, tujipatie jibu jepesi. Adui aliyeachwa angaliweza kurudi kuishambulia reli. Tena wanavijiji wa kusini wangaliendelea kunyang'anywa nafaka na kuchukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Wajerumani. Swali la tatu hukata kuwili, na mwenye kulitumia yampasa awahesabu watu wa pande zote. Lakini tazama jinsi swali lilivyobadilika. Tulipowatazama majemadari, tuliulizana nani angalishinda. Tulipowatazama wapagazi, tumeulizana ushindi ule ulinunuliwa kwa roho za nani, na kama mnunuzi alikuwa na hiari ya kutonunua.

Kwa hiyo Carr alikuwa na haki juu ya hadithi nyingi za "kama," wala si juu ya zote. Ile ya Gazi na manowari ni mchezo, nayo yaweza kusomwa kama mchezo. Ile ya Tanga ni hoja, lakini hoja iliyoachwa njiani. Ile ya mwisho wa 1916 haisimuliwi sana, labda kwa sababu haina jemadari wa kusifiwa. Nayo ndiyo yenye kutufunza kwamba katika vita hata kutokwenda mbele ni uamuzi, na kwamba kila uamuzi una wachukuzi wake. Mwanafunzi akutanapo na kitabu cha namna hii asikitupe, wala asikimeze. Akisome akiwa na maswali yale matatu, na kila ifikapo -ngali- asimame kidogo, aulize ni nani aliyesahauliwa katika sentensi ile.