Nyumba na Sheria katika Tawasifu ya A. Revathi

Tawasifu ya A. Revathi, Hijra wa Tamil Nadu huko India, iliandikwa kwa Kitamil lakini ikatangulia kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 2010, kwa tafsiri ya V. Geetha, chini ya jina The Truth About Me. Ni rahisi kuisoma kuwa ushahidi wa mateso tu, na mateso yamo tele: kipigo cha ndugu, ukatili wa polisi, aibu ya barabarani. Usomaji huo haukosei, ila unakiacha kiini cha kitabu.

Kiini hicho ni nyumba. Revathi, aliyelelewa kama mtoto wa kiume, anawatoroka wazazi na kupokewa na guru, naye huwa chela wake. Guru si mwalimu tu, ni mama. Guru wa guru ni nyanya, na chela wenziwe ni dada. Humo hupewa jina, hufunzwa adabu na kutumwa kazi kama binti yeyote. Wala mwandishi haipambi nyumba hii: wivu, faini na amri za wakubwa zimeelezwa waziwazi, na hapo ndipo ustadi wake unapodhihirika.

Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kiambishi a- kisichobagua mume na mke, hana budi kukumbuka kwamba katika Kitamil avan ni mwanamume na aval ni mwanamke, na kitenzi nacho hufuata. Kwa hiyo kuitwa aval si pambo la usemi, ni kukubaliwa. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuitafuta maana hiyo kwingine, labda katika maneno ya ujamaa: binti, dada, mama.

Sheria, kwa upande wake, iliianza nyumba hii kwa kuishuku. Sheria ya Waingereza ya 1871 iliwakataza "matowashi" walioandikishwa kuvaa nguo za kike hadharani, kuasili mwana, hata kuandika wasia; yaani mlango wa kurithishana ulifungwa. Tarehe 15 Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya India iliwatambua Hijra kuwa jinsia ya tatu, ikathibitisha haki ya mtu kujitambulisha jinsia yake. Hatua hiyo ni kubwa, tena ilichelewa. Lakini sheria ya Bunge ya 2019 ilifasili familia kuwa watu wa damu, wa ndoa, au walioasiliwa kisheria. Kwa fasili hiyo, ndugu waliompiga Revathi ni familia yake. Guru aliyempokea ni mtu baki.