Mhamiaji "Haramu" na Mtu Asiye na Jina: Uhakiki wa Istilahi za Uzuiliaji wa Wahamiaji

Vichwa vya habari vya magazeti ya Kiswahili, Tanzania na Kenya, vimezoea kutangaza kwamba wahamiaji haramu "wamenaswa" au "wamedakwa". Vitenzi hivyo ni vya mtego na wavu. Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika kivumishi. Kwa kawaida neno haramu huambatana na kitu au tendo: nyama, fedha, biashara. Linapoambatana na mtu, kama katika mwanaharamu, hubeba lawama ya kuzaliwa, si ya kutenda. Dereva asiye na leseni haitwi dereva haramu, wala aliyejenga bila kibali haitwi mwenye nyumba haramu. Anayevuka mpaka bila hati hukosa stahi hiyo: kosa huhamishwa kutoka kwenye tendo hadi kwenye nafsi, tena kabla ya hakimu kusema neno, ilhali Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Watetezi wa neno hili husema kwamba linafuata sheria. Hoja hiyo ni dhaifu. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995, iliyotungwa kwa Kiingereza, ina dhana ya mhamiaji aliyekatazwa. Katazo hutolewa na dola kwa vigezo vilivyotajwa, na linaweza kuondolewa. Uharamu hauna wa kuuondoa. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuhimiza, katika Azimio 3449 la mwaka 1975, kwamba nyaraka zake rasmi ziseme wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Nusu karne baadaye, vyumba vyetu vya habari havijasikia.

Penye neno la ziada pana pia pengo. Kijana wa Kiethiopia anayekamatwa Tanzania akielekea Afrika Kusini hushtakiwa na kutozwa faini. Akishindwa kulipa, hufungwa. Kifungo kikiisha, huenda akabaki gerezani akisubiri nauli na hati ya safari, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa likisaidia kuwarejesha kwao watu wa aina hiyo. Huyu aitwe nani? Si mfungwa, kwa kuwa adhabu ameimaliza. Si mahabusu, kwa kuwa hasubiri hukumu. Neno kizuizini lingefaa, lakini nchini Tanzania limebeba kumbukumbu ya Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyolenga usalama wa dola na si nauli ya kurudi kwao. Asiyekuwa na jina hana safu katika daftari la gereza, na asiyekuwa na safu hahesabiwi anapodai siku alizozidishiwa. Mzuiliwa wa uhamiaji ni istilahi inayoweza kuanza kutumika hata kesho. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina mamlaka ya kulipigia debe jambo hili, na haihitaji bajeti kubwa kufanya hivyo.

Suala la ukalimani ni gumu zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama za Tanzania. Wapenzi wa Kiswahili wamelishangilia hilo, na wana haki. Lakini ushindi wa lugha moja si usikivu kwa lugha nyingine. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa humpa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa na kupata mkalimani bila malipo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka haki hizo katika Ibara za 49 na 50. Wengi wa wanaopita njia ya kusini hutoka Hadiya na Kambata, kusini mwa Ethiopia, na lugha zao za kwanza ni Kihadiya na Kikambata. Mahakama inapomtafuta mkalimani, humtafuta wa Kiamhari, ikidhani kwamba nchi moja ni lugha moja. Kijana aliyeacha shule mapema hukijua Kiamhari cha sokoni tu. Anapoulizwa kama anakiri kosa, huitikia kwa kichwa, na itikio hilo huandikwa kuwa kukiri.