Kazimoto Hakuwa na Chama

Kusoma upya riwaya ya Kichwamaji, kwa ajili ya walezi wa vijana vyuoni

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye imani ya utoto wake imemponyoka, na mwisho wa kitabu anajiua. Muumini akisikia muhtasari huo hutoa hukumu mara moja: basi, ndivyo anavyoishia aliyemwacha Mungu. Hukumu hiyo haitudai kitu, na nadhani ndiyo sababu tunaipenda. Lakini kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Ukikisoma kwa utulivu utaona kinatuuliza sisi tuliobaki kanisani: huyu kijana alipokuwa anauliza, alikuwa anamwuliza nani?

Hapa Kitete swali hili si la vitabu tu. Tabora ya leo ina chuo kikuu kishiriki kinachobeba jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, na wanafunzi wake tunapishana nao njiani na kukaa nao benchi moja siku ya Dominika. Miongoni mwao wapo wanaokuja Misani kwa sababu mama atapiga simu jioni kuuliza. Wakihitimu wanatoweka, nasi tunasema dunia imewachukua. Kabla ya kuilaumu dunia, tumsome Kazimoto.

Kitabu na mwandishi wake

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Alipita seminari ya Nyegezi, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Kwa hiyo anapoandika juu ya imani inayopotea, anaandika juu ya nyumba aliyoijua vyumba vyake vyote. Wahakiki wameihusisha Kichwamaji na falsafa ya udhanaishi, ile ya akina Sartre na Camus, na wako waliosema kwamba wazo lake limeagizwa kutoka Ulaya. Hoja hiyo hainishawishi. Mambo yanayomsumbua Kazimoto ni ya Ukerewe, ya Unyamwezi na ya Sumbawanga: dada aliyeharibiwa na kijana msomi, wazazi wasioelewana na mtoto waliyemsomesha, kisasi, ndoa iliyoanza kwa hila, na mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Mashaka hayo hayahitaji pasipoti.

Jina lenyewe lina makali mawili. Kichwamaji ni mtu asiyetulia akili, na papo hapo jina linakielekea kile kichwa cha mtoto, kizazi kinachozaliwa kikiwa kimebeba uzito kisichoweza kuuinua. Manase, msomi mwenzake Kazimoto, ndiye aliyemharibu Rukia, dada yake. Kazimoto anataka kulipa kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na hatimaye anamwoa. Hapa ndipo riwaya ilipo na nguvu, na hapo hapo ndipo penye upungufu wake. Nguvu yake ni kwamba haimfichi msomi: elimu yake haikumfanya mwema. Upungufu wake ni kwamba Rukia na Sabina wanabeba adhabu ya ugomvi wa wanaume, na ni mara chache tunasikia wanafikiri nini juu ya Mungu au juu ya maisha. Msichana wa chuo anayesoma kitabu hiki leo ana haki ya kulalamika.

Jambo ninalotaka kulitilia mkazo ni sauti. Riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Kila mtu tunayekutana naye, tunakutana naye ndani ya kichwa cha Kazimoto. Hoja zake juu ya Mungu zinazunguka humo humo, zikigonga ukuta na kurudi. Anazungumza na wengi, lakini hana mtu wa kumwambia kwa uaminifu, “Hapo umekosea, na hapa umesema kweli.” Wazazi wanasikitika. Wenzake wanacheka, au wana yao. Kutokuamini kwake hakukupata mahali pa kupimwa, na imani yake ya zamani nayo haikupata. Naamini upweke huu una sehemu kubwa katika kifo chake kuliko hoja yoyote aliyoisoma darasani.

Waliokuwa na chama

Wakati Kezilahabi akiwa mwanafunzi pale Mlimani, walikuwapo vijana wengine waliotilia mashaka kila kitu, lakini wao walifanya hivyo kwa pamoja. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika walianzisha chama kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, kikiongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuwa mwanafunzi kutoka Uganda. Mwalimu wao mmoja wa karibu alikuwa Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana. Walisoma Marx, Lenin na Fanon. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku ya Jumapili, siku ambayo wengine wako kanisani. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Kuanzia mwaka 1969 walitoa jarida lao, Cheche, ambalo Karim Hirji alikuwa mmoja wa wahariri wake. Toleo maalumu la mwaka 1970 lilibeba insha ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, insha inayosomwa hadi leo.

Muumini anaweza kuwatazama vijana hao na kuona wapinzani tu. Mimi naona pia kazi. Kuendesha chama cha namna hiyo ni kazi ya mikono: mtu atafute chumba, mwingine apige stensili, mwingine asambaze nakala, mwingine asome sura ya kitabu mapema ili aje kuwaeleza wenzake. Anayeandika upuuzi anarudishiwa karatasi yake. Kijana aliyezoea hayo hujifunza kwamba wazo lake si mali ya kichwa chake peke yake, kwamba linaweza kupingwa naye akabaki kuwa ndugu. Kazimoto hakuwa na hata kimoja katika hivyo.

Lakini tusiwapake mafuta. Chama kile nacho kilikuwa na ukatekisimu wake. Juu ya dini, majibu yalikuwa tayari kabla ya swali kuulizwa, na kijana aliyetaka kusema, “Mimi nasali, na bado napinga unyonyaji,” asingepata nafasi pana. Halafu jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya maandiko yake ilikuwa kwa Kiingereza. Mkulima na mpagazi waliotetewa humo wasingeweza kulisoma. Huo ni udhaifu ambao sisi wa Kanisa tunaujua vizuri, maana kwa miaka mingi tulimsalia mkulima kwa Kilatini.

Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Hoja iliyotolewa ni kwamba jina la jarida lilirudia jina la gazeti la Lenin na kuleta sura ya itikadi ya kigeni, na kwamba tawi la vijana wa TANU lilitosha. Fikra zile hazikufa: mwaka uliofuata zilihamia katika jarida la MajiMaji. Marufuku ilibadilisha jalada, maswali yakabaki yale yale. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere alikuwa New York akiwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga miundo inayowaonea maskini litakosa maana kwao. Alilitaka Kanisa lisiogope maswali makali, huku serikali yake ikishindwa kuyavumilia ya wanafunzi. Tunaomheshimu Mwalimu tunaweza kuyasema yote mawili bila kupunguza heshima.

Njia iliyopita Tabora

Mwalimu huyo huyo alisoma hapa, katika shule ya serikali ya Tabora, kuanzia mwaka 1937. Alibatizwa mwishoni mwa mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa wa Makerere. Hakuharakishwa. Aliporudi kufundisha St. Mary’s hapa Tabora mwaka 1946, alikuwa Mkatoliki aliyeuchagua ubatizo kwa akili iliyokomaa.

Hilo halikuwa jambo geni katika Kanisa la upande huu. Mapadre Weupe walipofika Tabora mwaka 1878 kwa njia ya misafara, wengine wakielekea Nyanza na wengine Ujiji, mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliweka sharti la ukatekumeni wa miaka minne. Miaka minne ya kuuliza na kuulizwa kabla ya maji! Alitambua kwamba imani iliyopokelewa upesi huachwa upesi. Sasa tunabatiza watoto wachanga, na ni vema. Lakini ile miaka minne tumeipeleka wapi? Wengi hawajawahi kuipata. Wanaipata chuoni, wakiwa na miaka ishirini, usiku, na simu mkononi, bila mlezi.

Injili ya Yohane inatupa mfano ulio wazi. Tomaso alitamka mbele ya wenzake kwamba bila kuona na kugusa hataamini. Hawakumfukuza. Siku nane baadaye tunamkuta bado yumo ndani pamoja nao, na ni mle ndani Bwana alipomkuta. Tungemtoa nje Tomaso siku ya pili, nani angemwonyesha yale majeraha? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulithubutu kusema kwamba waamini wenyewe wana sehemu katika kuzaa ukanamungu, kwa mafundisho mabovu na kwa mwenendo usiofanana na Injili. Ukataka mazungumzo ya busara na wasioamini. Hatuwezi kuzungumza na mtu tuliyemnyima kiti.

Chama cha wanaouliza

Kwa hiyo natoa hoja: vijana wa vyuo vyetu, hata vya Kanisa, waruhusiwe kuwa na chama cha wanaofikiri kwa uhuru, ambamo aaminiye na asiyeamini wanakaa meza moja. Katiba ya nchi, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo na wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili imani. Nchini Kenya, mwaka 2016, chama cha wasioamini kilisajiliwa, na ndani ya miezi michache usajili ukasitishwa baada ya malalamiko. Sijui muumini alipata faida gani. Sisikii kwamba kuna aliyeongoka kwa sababu ya barua ya msajili.

Wapo watakaosema kwamba chama hicho kitawakwaza walio dhaifu. Hofu hiyo ni ya kweli, wala siidharau. Mtume Paulo mwenyewe aliijali dhamiri ya aliye dhaifu. Lakini kijana dhaifu tayari anakwazwa, peke yake, na maneno ambayo hakuna anayeyajibu. Chama kinamleta mahali ambapo jibu linaweza kutolewa, nalo litolewe kama Petro anavyoagiza, kwa upole na heshima.

Uendeshaji ndio utakaoamua kama chama ni shule au ni kijiwe cha dhihaka. Mwenyekiti achaguliwe na wanachama kila mwaka, na kumbukumbu za vikao ziandikwe. Kila kikao kiwe na andiko moja lililosomwa na wote kabla, ili mabishano yawe juu ya kitu kilichopo mezani. Pawe na sanduku la maswali yasiyo na jina, maana wengine wanaogopa kusikika. Padre mlezi aje akialikwa, aketi kama mgeni, asije kukusanya majina. Anayeanza kusema aeleze kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akiri kwamba imeelezwa sawasawa, ndipo ampinge. Lugha iwe Kiswahili, ili mpishi wa bwalo akipita aweze kusikiliza na kuketi. Na mwanachama anayeonekana kukata tamaa ya maisha asibishiwe. Asindikizwe kwa mtu wa kumsikiliza na kwa tabibu, siku hiyo hiyo.

Vijana wetu wa TYCS mashuleni na TMCS vyuoni wanaijua njia ya kuona, kuamua na kutenda. Wao ndio wangefaa kuwa wa kwanza kualikwa katika vikao hivyo, na wa kwanza kualika. Mkatoliki asiyeweza kukaa saa mbili na mwenzake asiyeamini bila kukasirika bado hajajua anaamini nini. Mji huu umezoea hoja ngumu. Mwaka 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu. Walibishana kwa uchungu, wapo waliojitenga baadaye, na tunaukumbuka mkutano ule kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Riwaya yake inaendelea kusomwa, na kila mwaka kijana fulani anaifungua na kujiona ndani yake. Siwezi kumwahidi mlezi yeyote kwamba kijana huyo, akipewa chama, atarudi kwenye sakramenti. Wengine watarudi, wengine hawatarudi. Ninachoweza kusema ni kwamba atakuwa hai na atakuwa na watu, na mlango utakuwa haujafungwa kutoka upande wetu. Siku nane bado hazijaisha.