Gesi Iliyopikwa Ubavuni mwa Gari

Kwenye Ford Model T ya mwaka 1912, wageni wa makumbusho husogelea taa mbili za shaba njano zilizotokeza mbele. Mimi huanzia ubavuni, kwenye kopo lililofungwa juu ya ubao wa kukanyagia. Humo ndimo mwanga ulimotengenezwa.

Kopo lilikuwa na vyumba viwili: maji juu, vipande vya kabaidi ya kalisi chini. Dereva alilegeza koki, maji yakadondokea kabaidi, ikachemka na kutoa asetilini iliyopita kwenye mrija wa mpira hadi taani. Huko gesi ilitokea kwenye vitundu viwili vilivyoelekeana. Mikondo ikagongana, na mwali ukatandazika mpana, mweupe kuliko wa mafuta ya taa. Kuuwasha kulitaka dereva ashuke na kiberiti.

Ugumu wote ulikuwa kwenye koki, kwa sababu ilitawala maji na si gesi. Ukiifunga, kabaidi iliyokwisha lowa iliendelea kutoa gesi. Ukiifungua kwa pupa, gesi ilizidi na mwali ukatoa masizi. Unyevu ukituama mrijani, mwanga ulicheza. Maji yakiganda kwa baridi, hapakuwa na mwanga. Na baada ya safari kulikuwa na tope la chokaa la kukombwa, kazi ambayo sidhani kama kuna aliyeipenda.

Kwa nini basi gesi isijazwe kwenye mtungi? Asetilini tupu ikishindiliwa inaweza kulipuka hata bila hewa. Dawa ilipatikana Ufaransa: Georges Claude na Albert Hess waligundua kwamba gesi hiyo huyeyuka kwa wingi ndani ya asetoni. Mtungi ukajazwa kitu chenye vinyweleo, kikaloweshwa asetoni, ndipo gesi ikaingizwa. Mwaka 1904, mjini Indianapolis, Carl Fisher na James Allison waliingia katika biashara ya mitungi hiyo, iliyojulikana kama Prest-O-Lite. Mtungi ukiisha, dereva alibadilishiwa uliojaa, kama tufanyavyo na gesi ya kupikia. Mafundi wa kuchomelea bado wanautumia mtungi wa namna hiyo.

Cadillac ya 1912 ilikuja na taa za umeme na betri. Ford ilifuata 1915 kwa njia ya mkato: balbu zilipata umeme moja kwa moja kutoka magneto ya injini, huku taa ndogo za pembeni zikibaki za mafuta. Injini ikipunguza kasi, balbu zilififia, kwa hiyo dereva aliyekaribia kona mbaya polepole ndiye aliyepungukiwa mwanga.